Kamba Katikati ya Barabara: Kuielewa Kanivali ya Trinidad Kabla ya Kukata Tiketi

Ukisimama kando ya Ariapita Avenue, mtaa wa starehe katika kitongoji cha Woodbrook jijini Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa vya Karibi, Jumanne ya kanivali kuelekea adhuhuri, macho yatavutwa na manyoya. Yaache kwanza. Tazama chini, usawa wa kiuno: kuna kamba. Walinzi wenye fulana zinazofanana wameishika pande zote za barabara, wanatembea nayo polepole kama wavuvi wanaokokota juya, na ndani yake watu kwa mamia wanacheza nyuma ya lori lililopangwa spika mpaka juu. Nje ya kamba upo wewe. Hukulipa kiingilio kusimama hapo na hakuna atakayekufukuza. Ila ukiinama upite chini ya kamba bila bangili ya bendi mkononi utarudishwa, kwa upole au bila upole, kutegemea jua limekuwa kali kiasi gani.

Wageni wengi hurudi makwao wakisimulia manyoya. Kamba haisimuliwi, na ndiyo inayoeleza mengi: nani anacheza na nani anatazama, fedha zinakwenda wapi, kwa nini Jumatatu alfajiri haifanani hata kidogo na Jumanne mchana. Barabara hii iligombewa kwa fimbo na mawe kabla haijawekewa kamba. Msafiri akilijua hilo, hata bajeti yake huipanga vingine.

Siku mbili, msimu mrefu

Kanivali yenyewe ni siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki huanza Kwaresima. Kwa kuwa mwanzo wa Kwaresima hutegemea tarehe ya Pasaka, siku hizo huhama kila mwaka: 2027 ni 8 na 9 Februari, 2028 ni 28 na 29 Februari. Cha kuchekesha ni kwamba kisheria siku hizo si sikukuu za taifa. Hakuna anayejali. Shule hufungwa, ofisi hufungwa, na mwajiri atakayeng'ang'ania watu waje kazini atakaa na viti vyake.

Msimu, hata hivyo, huanza Krismasi ikishapita tu. Redio huziweka kando nyimbo za parang, ambazo ni nyimbo za Krismasi zinazoimbwa kwa Kihispania, na kuanza kumwaga nyimbo mpya za soca, muziki wa kanivali. Pasaka ikiwahi, msimu ni mfupi na kila kitu hubanana. Ikichelewa, watu hupumua na mifuko hutoboka zaidi. Kwa hiyo anayeuliza "kanivali ni lini?" anapaswa kwanza kujiuliza anataka ipi, maana ndani ya jina hilo moja kuna mashindano ya muziki, karamu za kulipia, ibada ya matope ya alfajiri, maigizo ya kale ya mashetani na gwaride la mavazi. Mtu anaweza kuja, akaviona viwili, akaondoka akidhani ameiona kanivali.

Maneno yanayodanganya masikio

Nusu ya mkanganyiko ni lugha. Watrinidadi huzungumza Kiingereza na krioli yake, basi mgeni anayekijua Kiingereza hudhani anaelewa anachosikia.

Chukua neno "bendi". Kwetu bendi ni wapiga muziki. Trinidad, mtu akikuuliza "unacheza na bendi gani?" hamaanishi kama unapiga gitaa. Bendi ya mas ni kundi la watu waliovaa mavazi ya maudhui moja, na kundi kubwa huwa na maelfu ya watu waliogawanywa katika vikosi, kila kikosi na rangi yake. Mas ni kifupisho cha neno la kale la kuvaa kinyago, na kitenzi chake ni kucheza: watu "hucheza mas", hawaitazami. Kisha kuna bendi ya chuma, inayopiga pan, ala ya pipa la chuma, na hii ndiyo yenye wanamuziki. Pan nayo haihusiani na jikoni.

"Wine" si mvinyo, ni kukata kiuno. "Lime" si ndimu, ni kukaa kijiweni na wenzako bila ajenda yoyote, na Mtrinidadi anaweza kulifanya hilo kwa saa sita akauita mkutano mfupi. "Hema" la calypso, yaani nyimbo za vijembe, kwa kawaida ni ukumbi wenye kuta na paa. Na soca isichanganywe na soka: ile ni muziki uliozaliwa miaka ya 1970, mwanamuziki Lord Shorty alipouchanganya mdundo wa calypso na midundo ya Wahindi wa kisiwa hicho, wajukuu wa vibarua walioletwa kufanya kazi mashambani kuanzia 1845.

Calypso yenyewe msomaji wa Kiswahili ataielewa haraka kuliko wageni wengine, kwa sababu tuna mipasho. Mwimbaji husimama na kumchoma waziri, jirani, mke wa mtu, taifa zima, kwa fumbo lililovishwa kicheko. Wana hata shindano la extempo, ambapo mada huchotwa papo hapo na waimbaji wawili hujibizana kwa beti za kutunga jukwaani. Aliyekua akisikiliza malumbano ya washairi atajiona yuko nyumbani, ingawa atahitaji mwenyeji wa kumtafsiria nusu ya vijembe, kwa kuwa vingi vinahusu habari za juzi.

Aliyemwigiza aliyemwigiza

Mwaka 1783 mfalme wa Hispania, aliyekuwa na kisiwa hiki lakini hakuwa na watu wa kukijaza, alitoa hati ya kuwakaribisha Wakatoliki wa nchi za nje waje na watumwa wao, wapewe ardhi. Waliokuja kwa wingi ni Wafaransa kutoka visiwa jirani. Walikuja na desturi yao ya dansi za vinyago kati ya Krismasi na Kwaresima. Waingereza walikitwaa kisiwa mwaka 1797, lakini Wafaransa walibaki na mashamba yao ya miwa na karamu zao.

Katika karamu hizo mabwana walipenda kujivika kama watumwa wa shambani. Waliigiza hata tukio la miwa kuungua, pale watumwa walipotolewa usiku kwa baragumu na viboko, na mienge mikononi, waende kuuzima moto na kuiokoa miwa. Tukio hilo Wafaransa waliliita *cannes brûlées*, miwa iliyoungua, na mdomo wa Trinidad ukaligeuza kuwa Canboulay.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na watu wakawa huru kweli tarehe 1 Agosti 1838, baada ya miaka minne ya kile kilichoitwa uanagenzi. Waliokuwa watumwa wakaingia barabarani na Canboulay yao: mienge, ngoma, nyimbo na mapigano ya fimbo yaitwayo kalinda. Bwana alikuwa amemwigiza mtumwa. Sasa mtumwa wa jana alikuwa anamwigiza bwana akimwigiza yeye, na akaongeza makalio na matiti ya kubandika kumkejeli bibi wa shamba. Mhusika huyo, Dame Lorraine, ungali unamwona mitaani leo, kwa kawaida na mwavuli mkononi.

Serikali ya kikoloni haikucheka. Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Baker, aliamua kuizima Canboulay ya Port of Spain kwa nguvu. Wapiga fimbo wa mitaa mbalimbali, ambao siku zote walikuwa wakipigana wao kwa wao, usiku huo wakaungana dhidi ya polisi. Mapambano yalikuwa makali kiasi kwamba gavana, Freeling, aliwarudisha polisi kambini na kuwaachia watu barabara. Ushindi haukudumu: mwaka 1884 ikaja sheria ya kupiga marufuku mienge, ngoma na mikusanyiko ya wenye fimbo.

Hapa ndipo muziki wa kanivali ulipopinda. Ngoma ya ngozi ilipozuiwa, watu walikata mianzi ya urefu tofauti, wakaigonga chini na kuigonganisha. Wakaiita tamboo bamboo. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa vitongoji maskini walikuwa wamehamia kwenye makopo ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka, vyuma vya magari. Halafu wakayafikia mapipa ya mafuta, ambayo kisiwa chenye visima vya mafuta na kambi ya jeshi la Marekani hakikuyakosa. Waligundua kwamba ukilibonyeza bapa la pipa kwa nyundo, kisha ukagawa uso wake vipande, kila kipande hutoa sauti yake.

Kila ijumaa kabla ya kanivali, kabla hakujapambazuka, mapambano ya 1881 huigizwa upya, kwa kawaida pale Piccadilly Greens, pembezoni mwa katikati ya jiji. Kama una nguvu ya kuamka alfajiri moja tu kabla ya Jumatatu, amka hiyo. Bila hiyo, yote yatakayofuata utayaona kama manyoya tu.

Pan: sehemu iliyo tamu na isiyo ghali

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumpeleka mgeni, sitampeleka kwenye gwaride. Nitampeleka uwanja wa mazoezi wa bendi ya pan usiku wa Jumanne yoyote mwezi Januari.

Viwanja hivi huitwa panyard. Renegades wako Charlotte Street, Trinidad All Stars wako Duke Street, Phase II wako Woodbrook. Unaingia, unanunua kinywaji kuisaidia bendi, unasimama. Mbele yako kuna watu mpaka 120, mwanafunzi wa sekondari kando ya mhasibu kando ya babu, wanarudia vipimo vinne vya muziki mara thelathini kwa sababu mpangaji wa wimbo hajaridhika. Wengi hawasomi nota. Wimbo wa dakika nane wenye kugeukageuka kama njia ya mlimani wanauhifadhi kichwani na kwenye vifundo vya mikono. Pan ndogo za sauti ya juu hukatwa fupi. Za besi huachwa pipa zima, na mpigaji mmoja husimama katikati ya mapipa sita, tisa au kumi na mawili, akijizungusha kama mpishi wa harusi kati ya masufuria. Umeona, nami nimerudi jikoni.

Bendi hizi za chuma hazikuanza na heshima. Miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa na majina kama Invaders, Tokyo, Casablanca na Desperadoes, yenye harufu ya vita na sinema, na zilipokutana barabarani zilipigana kweli, kwa mawe na visu. Mzazi wa tabaka la kati aliyesikia mwanawe ameonekana panyard alichukua mkanda. Kilichobadili hali ni mengi, mojawapo safari ya 1951 ambapo wapigaji waliochaguliwa kutoka bendi mbalimbali waliungana kuwa kundi moja, TASPO, wakaenda kupiga London kwenye tamasha la taifa la Uingereza. Waingereza waliduwaa. Baada ya uhuru wa 1962 likaanzishwa shindano la Panorama mwaka 1963, makampuni yakaanza kufadhili, na mwaka 1992 pan ikatangazwa ala ya taifa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaitenga 11 Agosti kuwa siku ya pan duniani.

Fainali ya Panorama ni Jumamosi usiku kabla ya kanivali, katika Queen's Park Savannah, uwanja mpana wa nyasi ambao ndio moyo wa jiji. Tiketi ya jukwaani ni nzuri kuwa nayo. Lakini wenye masikio hawakai jukwaani. Wanasimama kwenye njia ya kuingilia, ambako bendi husukuma ala zao juu ya magurudumu na kuupiga wimbo mara kadhaa kabla ya kupanda. Hapo unasimama hatua mbili kutoka kwa besi, na mbavu ndizo zinazosikiliza.

Kununua nafasi ndani ya kamba

Sasa tuifikie pesa. Anayetaka kucheza mas Jumanne kwa mavazi ya manyoya hujisajili na bendi miezi kabla. Bendi kubwa huzindua mavazi yao kati ya Julai na Agosti ya mwaka uliotangulia, na vikosi vinavyopendwa hujaa mapema. Unalipa malipo ya awali, unatuma vipimo, unamalizia baadaye, kisha unachukua vazi lako kwenye kambi ya bendi siku chache kabla ya Jumatatu. Usishangae foleni.

Bei hutegemea unasimama wapi. Vazi la mstari wa mbele lina mbawa na taji kubwa. La nyuma lina taji dogo na kiuno cha shanga. Katikati ni katikati. Kwa dola za Marekani tunazungumzia mamia kadhaa kwenda juu, na la mbele hupita elfu moja bila taabu. Sarafu ya huko ni dola ya Trinidad na Tobago, karibu 6.8 kwa dola moja ya Marekani, basi hakikisha bei uliyoiona imeandikwa kwa dola ipi kabla moyo haujasimama au haujafurahi bure.

Unacholipia si nguo. Ndani ya kamba kuna chakula, vinywaji siku nzima, lori la vyoo, lori la kupumzikia, walinzi, huduma ya kwanza na muziki. Ukigawa bei kwa huduma hizo utaona kwa nini mgeni wa mara ya kwanza, hasa mwanamke aliyekuja peke yake, mara nyingi huambiwa na wenyeji: lipia, utulie. Nami nakubali, kwa shingo upande.

Shingo upande kwa sababu kamba hiyo hiyo imewatoa nje watu wengi ambao babu zao ndio waliopigania barabara. Mjadala huu ni mkongwe Trinidad. Wapo wanaokumbuka enzi za George Bailey, aliyeleta mwaka 1957 bendi iliyoonyesha Afrika ya wafalme na fahari wakati Afrika ya kanivali ilikuwa ya kuvaa majani na kupaka masizi. Wapo wanaomkumbuka Peter Minshall, ambaye mwaka 1983 alileta mas ya mto: mwanamke mfuaji aliyevaa nyeupe akipambana na kiumbe nusu mtu nusu kaa, ukawa mchezo wa kuigiza uliochezwa na mamia barabarani. Minshall baadaye alishiriki kubuni ufunguzi wa Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Wakilinganisha hayo na sidiria za shanga za leo, ambazo vifaa vyake vingi huagizwa kutoka nje, wazee husikitika.

Malalamiko hayo yana ukweli, lakini hayaoni jambo moja. Wacheza mas wengi leo ni wanawake: makarani, walimu, wauguzi, waliojinyima mwaka mzima ili kwa siku mbili barabara iwe yao na viuno viwe vyao. Mwaka 1977 Calypso Rose alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda taji la Road March, na mwaka uliofuata alishinda lile kuu la calypso, lililokuwa likiitwa taji la mfalme. Ilibidi jina lenyewe libadilishwe. Kwa hiyo anayesema kanivali imeharibika kwa kuwa imejaa wanawake wanaocheza, amechelewa sana kuingia kwenye mazungumzo.

Road March yenyewe inahitaji neno. Haitolewi kwa wimbo bora. Inatolewa kwa wimbo uliopigwa mara nyingi zaidi bendi zinapopita mbele ya waamuzi, Savannah na vituo vingine vya jiji. Ndiyo maana Jumanne utausikia wimbo uleule mpaka uuote. Kupita jukwaa la Savannah ndicho kilele cha mchezaji. Bendi zinaweza kusubiri foleni kwa saa nyingi juani kwa ajili ya dakika chache za kurukaruka jukwaani. Kwa sababu ya misongamano hiyo, tangu 2014 baadhi ya bendi kubwa huenda jukwaa mbadala liitwalo Socadrome.

Kuhusu karamu za usiku, feti, sina mengi. Zipo kila siku wiki mbili za mwisho, nyingine za watu kuja na vinywaji vyao, nyingine za bei ya kununulia mbuzi wawili. Chagua mbili. Wageni wanaochagua sita hulala usingizi Jumatatu, siku ambayo hawakupaswa kulala.

Matope na mashetani

Jumatatu huanza saa kumi alfajiri na J'ouvert, neno la Kifaransa la kupambazuka, linalotamkwa "juvei". Huu ndio mlango wa kanivali, na hauna manyoya. Watu huvaa nguo walizokwisha kuzisamehe na kujipaka matope, rangi, mafuta, hata chokoleti. Hucheza gizani mpaka jua litoke na kila mtu awe na rangi moja na mwenzake. Hakuna bosi, hakuna mgeni. Bendi za J'ouvert nazo huuza nafasi, kwa sehemu ndogo ya bei ya Jumanne, na unaweza pia kutembea tu pembeni. Utapakwa. Usivae kitu unachokipenda, na simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Waliobaki na nguvu Jumatatu jioni hupanda Paramin, kijiji cha milimani kaskazini mwa jiji, kwa gari la kupanda milima, maana barabara imesimama kama ngazi. Huko hutoka mashetani wa bluu. Wamejipaka bluu mwili mzima, wanatapika rangi nyekundu kama damu, wanapuliza moto, na makopo yanagongwa nyuma yao. Wanakudai pesa: mlipe shetani. Wanaweza kukusogelea mpaka upate rangi shavuni. Beba noti ndogondogo na usijifanye huna.

Wahusika wengine wa kale utawaona mjini wakati wa maonyesho ya mas ya jadi, kabla na wakati wa kanivali. Moko Jumbie hutembea juu ya miguu mirefu ya miti; wenyeji husema alivuka bahari kutoka Afrika kwa miguu hiyo. Midnight Robber, mwenye kofia pana kama sinia, hukuzuia njia na kukumwagia hotuba ndefu ya majigambo kuhusu jinsi alivyozaliwa na majanga aliyoyasababisha, hadi umpe sarafu anyamaze. Bendi za mabaharia hurusha poda. Jumanne, Trinidad All Stars hutoka na mas ya mabaharia nyuma ya pan zao, na kwa mtu asiyetaka bikini wala mbawa hiyo ni njia nzuri ya kuingia barabarani.

Mambo ya miguu na mfuko

Usilete nguo wala kofia yenye madoa ya kijeshi. Sheria ya nchi inawakataza raia kuvaa, na forodha huzichukua. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea miguu. Kilomita ni nyingi na lami ina moto. Anza maji kabla ya kiu. Abiria wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wanaweza kuulizwa kadi ya chanjo. Kwa anayesafiri kutoka Afrika Mashariki, kubwa zaidi ni njia: ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanja wa ndege, jambo lililowatia hasara wengi waliotazama bei ya tiketi peke yake.

Usalama usipambwe wala usitiwe chumvi. Port of Spain ina tatizo la uhalifu wa kutumia bunduki, na serikali ilitangaza hali ya hatari tarehe 30 Desemba 2024. Kanivali ya Machi 2025 ilifanyika ikiwa bado inaendelea. Watu hutembea kwa makundi, hukubaliana na dereva mapema, hubeba pesa kidogo kiunoni na kuacha dhahabu nyumbani. Ukimkuta mtu anayecheza peke yake na ukataka kukata naye kiuno, sogea polepole umtazame. Akikukaribisha, cheza. Akisogea hatua moja mbele, umeshajibiwa.

Malazi ya karibu na Savannah na Woodbrook huongezwa bei na hukodishwa kwa siku kadhaa mfululizo. Tobago, kisiwa pacha, usikitarajie kiwe na mshindo uleule. Kina kanivali yake mwezi Oktoba tangu 2022, na wengi hukimbilia huko baada ya Jumanne ili kulala.

Jumanne usiku huitwa las lap, mzunguko wa mwisho. Mataji mazito yamekwisha kuachwa juu ya kuta za watu, mbawa zimeegeshwa kwenye nguzo za umeme, na miguu inakokotwa. Saa sita usiku muziki wa malori unazimwa. Asubuhi baadhi wako kanisani kupakwa majivu kwenye paji la uso, wengine wako pwani ya Maracas wakila papa wa kukaanga ndani ya mkate, na Piarco, uwanja wa ndege, kuna foleni ya watu waliopungukiwa na usingizi, kila mmoja amekumbatia taji la manyoya ambalo halikuingia kwenye sanduku.